Namna ya Kuchagua Eneo la Utafiti katika Uhandisi Tiba

Mwanafunzi wa uhandisi tiba anapofikia hatua ya kufanya utafiti wake mwenyewe hukuta mbele yake matawi mengi kuliko alivyodhani: ala za vipimo na ishara za mwili, upigaji picha za kitabibu, bayomekanika, nyenzo za kupandikizwa mwilini, uhandisi wa tishu, uhandisi wa neva, vifaa vya utengamao (vya kumrudishia mtu uwezo alioupoteza mwilini), uchambuzi wa data za wagonjwa, na mengineyo yanayozaliwa pale mawili kati ya haya yanapokutana. Wengi huchagua kwa kuvutiwa na jina. Jina, hata hivyo, halimwambii mtu atashika nini mikononi kila siku kwa muda wote wa tasnifu, wala halimwambii ni kitu gani kitakachomkwamisha, na mara nyingi hayo mawili ndiyo huamua kama kazi itafika mwisho.

Mwongozo huu unashauri njia nyingine. Kila tawi lina adui yake wa kudumu, yaani kikwazo ambacho watafiti wake wote wamepambana nacho tangu tawi lilipoanza na ambacho wewe pia utakikuta. Anayepima ishara za mwili hupambana na kelele. Anayetengeneza kiungo bandia hupambana na uchakavu pamoja na jinsi mwili unavyoupokea uchakavu huo. Anayeotesha seli hupambana na oksijeni na muda, na anayechambua data hupambana na hatari ya kujidanganya mwenyewe. Mtambue kwanza adui wa kila tawi, kisha ujiulize ni yupi ambaye unaweza kuamka naye kila asubuhi bila kukata tamaa.

Maswali ya kujibu kabla ya kutazama orodha

Swali la kwanza linahusu mikono yako: je, unafurahia zaidi kushika chuma cha kulehemu, pipeti, au kibodi? Linaonekana dogo, lakini mwanafunzi anayependa kuunda saketi akijikuta amefungiwa mwaka mzima kwenye chumba cha kuoteshea seli atafanya kazi hiyo kwa kinyongo, na seli huwa hazimvumilii mtu wa kinyongo.

Swali la pili ni mahali data au sampuli zitakapotoka. Utafiti unaogusa watu hupita kwenye kamati ya maadili, kwa kuwa Azimio la Helsinki, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, linataka mpango wa utafiti ukaguliwe na kamati huru na mshiriki aridhie kwa hiari baada ya kuelezwa. Maandalizi hayo pamoja na marekebisho yake huweza kula miezi. Ikiwa tasnifu yako ina muda mfupi, fikiria swali linaloweza kujibiwa kwa data zilizokwisha kukusanywa na kuruhusiwa kutumika, au kwa vifano vya maabara vinavyoiga mwili.

Swali la tatu, ambalo wanafunzi wengi hulisahau, ni muda unaopita kati ya kujaribu jambo na kujua kwamba umekosea. Mwenye saketi hujua ndani ya sekunde. Mwenye kielelezo cha kompyuta hujua baada ya saa kadhaa au siku. Mwenye seli husubiri majuma. Na mwenye kipandikizi huweza kusubiri miaka. Binafsi naliona swali hili kuwa zito kuliko mengine yote, kwa sababu linapima subira ya mtu, na subira haiongezwi kwa kusoma vitabu.

Ishara za mwili na ala za kuzipima

Tawi hili lina mlango mpana kwa mwanafunzi anayeanza. Umeme wa moyo unaopimwa juu ya ngozi ni takribani milivolti 1 tu, na ule wa ubongo ni makumi ya mikrovolti, ilhali mwili wenyewe huvuta kutoka kwenye nyaya za jengo mawimbi ya hezi 50 au 60 ambayo yanaweza kuizidi ishara unayoitafuta. Kwa hiyo kazi ya kila siku ni kukuza kidogo kilicho cha kweli bila kukuza kikubwa kisichotakiwa. Willem Einthoven aliushinda ugumu huo mwanzoni mwa karne ya 20 kwa galvanomita (kifaa cha kupima mkondo wa umeme) ya uzi mwembamba uliotundikwa ndani ya sumaku, na mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo mwanafunzi hupata ishara ya moyo kwa kipande kidogo cha elektroniki, lakini adui ni yule yule.

Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni oksimita, kile kifaa cha kubanwa kidoleni kinachokadiria oksijeni iliyomo katika damu. Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, alikuwa akitafuta njia ya kupima mtiririko wa damu kutoka moyoni kwa kutumia rangi na mwanga, na mapigo ya mishipa yakawa yanamvurugia kipimo chake. Alipojaribu kuyafuta mapigo hayo kwa kutumia mwanga wa urefu mwingine wa wimbi, aliona kwamba ufutaji huo ulishindikana kila oksijeni ya damu ilipopungua. Akatambua kwamba kelele aliyokuwa akipigana nayo ndiyo iliyobeba habari, na mwaka 1974 kanuni hiyo ikawekwa hadharani. Oksimita nyingi za sasa hutumia mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi na ule wa infraredi wa nanomita 940 hivi.

Mtu angedhani kwamba kifaa cha umri huo hakina tena jambo la kutafitiwa. Mwaka 2020, hata hivyo, uchambuzi wa vipimo vya wagonjwa nchini Marekani ulionyesha kwamba upungufu mkubwa wa oksijeni ambao oksimita haikuugundua ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya wagonjwa weupe. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, hufyonza mwanga, na kifaa kilichosanifishwa zaidi kwa ngozi nyeupe hubeba kosa hilo hadi kitandani mwa mgonjwa. Ukitaka swali la utafiti lenye fizikia, elektroniki na haki ndani yake, hapa lipo, tena vifaa vyake vinaenea mezani.

Tahadhari moja: saketi yoyote utakayoiunganisha na mwili wa mtu, hata mwili wako mwenyewe, itumie betri na itengwe kabisa na umeme wa ukutani. Isome mapema familia ya viwango ya IEC 60601 inayohusu usalama wa vifaa tiba vya umeme, usisubiri msimamizi akuulize.

Data na akili unde

Eneo hili ndilo jepesi kuliko yote kuingia, na ndilo jepesi kuliko yote kupotea ndani yake. Kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia, na hifadhi ya PhysioNet, iliyoanza mwaka 1999, hutoa bure rekodi nyingi za ishara za mwili. Hifadhidata ya MIT-BIH ya mapigo yasiyo sawa ya moyo, ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, ina rekodi 48 za takribani nusu saa kila moja, zilizotoka kwa watu 47.

Tazama tena namba hizo, kwa maana mtego umo humo. Rekodi hizo zina mapigo zaidi ya laki moja, na mwanafunzi huyachanganya yote, kisha huyagawa: sehemu ya kuifundishia programu na sehemu ya kuijaribia. Matokeo yanatoka mazuri ajabu. Lakini mapigo ya moyo wa mtu mmoja hufanana kama saini zake, hivyo programu iliyoyaona baadhi ya mapigo ya mtu huyo wakati wa kufundishwa inamtambua mtu, haiutambui ugonjwa. Ugawaji sahihi ni wa watu, si wa mapigo: mtu aliyetumika kufundishia asionekane kabisa katika majaribio. Ukifanya hivyo na usahihi ukashuka, usihuzunike, kwa kuwa huo ulioshuka ndio usahihi wako wa kweli.

Wanaokwenda upande wa programu za vifaa tiba wanapaswa pia kuisoma kwa undani habari ya Therac-25, mashine ya mionzi ambayo kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa 6 dozi kubwa kupita kiasi na kusababisha vifo, kwa sehemu kwa sababu ya makosa ya programu na kwa kuwa vizuizi vya kimakanika vilivyokuwamo katika mashine za awali vilikuwa vimeondolewa. Viwango vya sasa kama ISO 14971, unaohusu udhibiti wa hatari, huonekana vya kuchosha mpaka mtu asome habari hiyo.

Upigaji picha

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT, inayoijenga picha ya ndani ya mwili kutokana na eksirei zilizopigwa kutoka pande nyingi, iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Allan Cormack, aliyezaliwa Afrika Kusini, alikuwa tayari ameandika kivyake hisabati ya kuijenga picha ya namna hiyo, na wawili hao walipokea Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1979. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja: Cormack hakuhitaji mashine ya hospitali ili kuchangia. Mwanafunzi wa upigaji picha, kinyume na anavyodhani, huweza kumaliza tasnifu yake akiwa ameigusa mashine mara chache sana, kwani kazi yenyewe mara nyingi ni kukokotoa kutoka vipimo vya nje kilichomo ndani.

Adui hapa ni mapatano ya lazima. Katika ultrasaundi, sauti husafiri ndani ya tishu laini kwa wastani wa mita 1540 kwa sekunde. Ukipandisha masafa picha inakuwa kali lakini sauti inafifia kabla ya kufika mbali, na ukiyashusha unafika mbali lakini unaona ukungu. Katika MRI, yaani upigaji picha kwa sumaku yenye nguvu, mapatano ni kati ya nguvu ya sumaku, muda wa kulala ndani ya mashine na ubora wa picha. Mashine za kawaida hospitalini hufanya kazi kwa tesla 1.5 au 3, ilhali sasa zipo ndogo za kusukumwa hadi kitandani zenye tesla 0.064 tu, na pengo hilo hujazwa kwa hisabati nzuri zaidi. Ikiwa aljebra ya matriki na badiliko la Fourier vilikuwa mateso kwako, lipite tawi hili bila aibu.

Bayomekanika na nyenzo za kupandikizwa

Matawi haya hufundishwa mbali mbali, lakini ni vyema kuyasoma pamoja, kwa maana lile la pili huanguka pale la kwanza linapopuuzwa. Bayomekanika huchunguza nguvu na mwendo: jinsi goti linavyobeba mzigo, jinsi damu inavyogonga ukuta wa mshipa, jinsi mtu anavyotembea baada ya kiharusi. Programu huria ya OpenSim humwezesha mwanafunzi kukadiria nguvu za misuli kutokana na vipimo vya mwendo, na mbinu za kuligawa umbo katika vipande vidogo vingi humwezesha kukokotoa mkazo ndani ya mfupa. Hatari yake ni picha ya rangi. Kompyuta itakupa mfupa wenye rangi nyekundu na buluu hata kama ulichoingiza ni upuuzi; kwa hiyo usianze kielelezo chochote kabla ya kujua utakilinganisha na kipimo gani cha kweli.

Upande wa nyenzo, kisa kinachofundisha zaidi ni cha John Charnley, daktari wa upasuaji wa Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuwawekea wagonjwa nyonga bandia zenye kikombe cha Teflon, akiamini kwamba utelezi wake ungepunguza msuguano. Utelezi ulikuwepo, lakini Teflon ililika upesi, na chembe zake zikaleta uvimbe mkali katika tishu zilizozunguka, hadi ikalazimu wagonjwa wengi kupasuliwa tena. Msaidizi wake wa maabara aliijaribu polietilini nzito ambayo Charnley hakuitumainia, na mashine ya majaribio ikaonyesha kwamba hailiki kwa kasi ile. Charnley alijidunga chembe za nyenzo zote mbili katika paja lake mwenyewe ili aone mwili ungefanya nini (jambo ambalo hakuna kamati ya maadili ya leo ingelikubali), kisha akaanza kutumia polietilini mwaka 1962. Hata hiyo haikuwa mwisho: miaka mingi baadaye ilibainika kwamba chembe za polietilini nazo huchochea mfupa kuliwa, na utafiti ukaanza upya.

Mwanafunzi achukue kutoka hapo jambo moja la vitendo: nyenzo haipimwi kwa sifa yake ikiwa mpya, hupimwa kwa kile inachokiacha mwilini inapochakaa. Na nguvu nyingi si fadhila. Mfupa mgumu wa nje una kadiri ya unyumbufu (kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kupinda) ya gigapaskali 20 au chini yake kidogo, na aloi ya titaniamu inayotumika sana ina takribani 110. Kipandikizi kigumu kiasi hicho hubeba mzigo peke yake, na mfupa unaokosa kazi hupungua. Ndiyo maana watafiti wengi sasa huchapa titaniamu yenye vitundu, ambayo inalegea kiasi na kuruhusu mfupa uingie ndani. Uwezo wa mfupa kushikamana na titaniamu wenyewe uligunduliwa kwa bahati: Per-Ingvar Brånemark, akichunguza mtiririko wa damu ndani ya mfupa wa sungura mwaka 1952, alishindwa kukichomoa kifaa chake cha titaniamu. Mgonjwa wa kwanza wa meno aliyenufaika na ugunduzi huo alitibiwa mwaka 1965. Pima miaka hiyo 13 dhidi ya subira yako. Anayeelekea huku aifahamu mapema ISO 10993, mfululizo wa viwango unaoongoza majaribio ya namna nyenzo inavyopatana na mwili.

Tishu na usafirishaji wa dawa

Makala ya Robert Langer na Joseph Vacanti ya mwaka 1993 ililipa tawi hili sura yake: weka seli juu ya kiunzi kinachoyeyuka polepole, zikue, kiunzi kitoweke, tishu ibaki. Kikwazo ni kwamba seli nyingi haziwezi kuishi zikiwa zaidi ya mikromita 100 hadi 200 kutoka kwenye mshipa mdogo wa damu, na kwa sababu hiyo ngozi na gegedu zilitangulia huku ini na figo vikingali vigumu. Ukiingia hapa, jua kwamba seli hulishwa hata siku za mapumziko, na kwamba uchafu wa vimelea unaweza kufuta kazi ya majuma mengi. Vijichipu vinavyoiga viungo, kama ule wa pafu uliotangazwa mwaka 2010, vimekuwa njia nzuri ya kati kwa anayependa seli na uundaji kwa pamoja. Usafirishaji wa dawa kwa chembe ndogo uko jirani, na unamfaa zaidi mwenye kemia imara.

Neva na utengamao

Uhandisi wa neva una mafanikio makubwa, miongoni mwake kikoklea bandia kinachowapa usikivu watu wasiosikia, na kichocheo cha ndani ya ubongo cha kutuliza mtetemeko, kilichofunguliwa njia na kazi ya Alim-Louis Benabid nchini Ufaransa mwaka 1987. Mwanafunzi asidanganyike kwamba ataanza na upandikizaji. Ataanza na elektrodi zinazozingirwa na kovu, au na rekodi za ubongo zilizochukuliwa na wengine.

Utengamao haupewi heshima inayoustahili. Mkono bandia wenye mota nyingi huweza kuishia kabatini kwa kuwa ni mzito, una joto, au unamwaibisha mvaaji, na hakuna mlinganyo unaoyaonyesha hayo. Adui wa tawi hili ni kuachwa kwa kifaa. Anayelichagua ajiandae kuketi na watumiaji tangu wiki ya kwanza, si baada ya kifaa kukamilika.

Kuujaribu uchaguzi kabla ya kujifunga

Ukishabakiwa na matawi mawili, jipe majuma 6. Katika maabara unayoitamani, soma tasnifu za wanafunzi waliotangulia badala ya makala peke yake, kwa sababu tasnifu hueleza pia yaliyoshindikana. Chagua tokeo moja lililochapishwa, dogo, ulirudie kwa mikono yako. Ukiona kwamba unarudi mezani hata siku matokeo yanapokataa, hiyo ni dalili njema. Waulize wanafunzi wa maabara hiyo, msimamizi asipokuwepo, ni kitu gani kiliwachelewesha zaidi. Mwulize fundi wa vifaa tiba au muuguzi ni kifaa gani humsumbua, naye atakupa maswali ambayo hayamo katika makala.

Kisha lipunguze tawi hadi liwe swali. "Kuboresha oksimita" si swali. Swali ni kama hili: je, kuongeza mwanga wa urefu wa tatu wa wimbi kunapunguza kosa la usomaji katika vifano vya ngozi vyenye viwango vitano vya melanini, oksijeni inapokuwa chini ya asilimia 90? Swali la namna hiyo linakwambia ununue nini, upime nini, na utajua lini umekosea. Tena halihitaji mgonjwa hata mmoja katika hatua ya kwanza, na likijibiwa vyema linakupa hoja ya kuipelekea kamati ya maadili kwa hatua ya pili.

Liandike katika ukurasa mmoja: swali, adui, chanzo cha data, kipimo cha kulinganishia, na jambo utakalofanya endapo kifaa kikuu hakitafika kwa wakati. Mpelekee msimamizi ukurasa huo kabla ya kumwomba nafasi. Akikurudishia ukiwa umejaa wino mwekundu, mmeshaanza kazi.